AFYA NYUMBANI: Goti la Mama na Mguu Uliopinda



Mwezi huu nimeliweka kando somo nililokuwa nimelitayarisha, kwa sababu ya barua moja. Mama aliyeiandika ameniruhusu niitumie bila kutaja jina lake wala kijiji chake. Nimeifupisha kidogo tu. Anasema hivi:

"Mimi ni mama wa watoto 5, nina umri wa miaka 47. Tangu utotoni miguu yangu ina matege, nasi nyumbani hatukuona kuwa ni ugonjwa, maana watoto wengi wa kwetu walikuwa hivyo, na meno yao ya rangi ya kahawia. Sasa ni miaka 4 goti la kulia linaniuma upande wa ndani. Nikitoka shamba nashindwa kuteremka mlima. Usiku linavuta hata usingizi unakatika. Kanisani siwezi tena kupiga magoti. Wenzangu wakiwa chini mimi nimekaa kwenye benchi, na naona aibu. Daktari wa mifupa alinipiga picha akasema goti limelika upande mmoja tu, na kwamba nikatwe mfupa chini ya goti ili mguu unyooshwe. Mume wangu anauliza, mfupa haukuvunjika, kwa nini uvunjwe? Wenzangu wa kikundi cha maombi wanasema nikikubali kisu nimepungukiwa na imani. Na mimi nawaza, nikilala miezi 3 ni nani atapika, ni nani atachota maji? Dada, nifanye nini?"

Mama mwenzangu, asante kwa kutuamini. Sitakuamulia, kwa maana mimi sijaliona goti lako wala picha yake, na daktari wako ameviona. Lakini naweza kukueleza jambo lenyewe lilivyo, ili siku utakapokaa na mume wako kulizungumza, mzungumze mkijua. Nina hakika wako akina mama wengi wenye magoti kama lako ambao hawajaandika barua.

Goti linavyochakaa

Goti ni mahali fupa la paja linapokutana na muundi, yaani mfupa mkubwa wa mguu wa chini, na mbele yake ipo pia ya goti. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa na gegedu. Ukimkata kuku wako jikoni utaliona: ni ile sehemu nyeupe, ngumu kiasi, inayoteleza, kwenye ncha ya mfupa wa paja. Gegedu ndilo linalofanya mifupa iteleze bila kusuguana.

Shida ya gegedu ni kwamba halina mishipa ya damu. Kidonda cha ngozi hupona, na mfupa uliovunjika huunga, lakini gegedu likishalika halioti tena kama lilivyokuwa. Likiisha, mfupa husugua mfupa. Goti huvimba, hujaa maji, hukakamaa asubuhi, na vimifupa vidogo huota kandokando. Huu ndio ugonjwa wa kuchakaa kwa goti. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, hasa baada ya hedhi kukoma. Unene huuzidisha. Kazi za kuchuchumaa, kupiga magoti na kubeba mizigo mizito miaka mingi nazo huuzidisha, na sote tunajua kazi hizo ni za nani nyumbani.

Usiuchanganye na ugonjwa mwingine wa viungo ambao hushika vidole vya mikono yote miwili, huvimbisha viungo vingi kwa pamoja, na kukakamaza mwili muda mrefu asubuhi. Huo una dawa zake, na upasuaji tunaouzungumzia hapa haufai kwa ugonjwa huo.

Sasa tuje kwenye matege. Mwombe mtu ashike uzi kutoka katikati ya nyonga yako hadi katikati ya kifundo cha mguu. Kwa mguu ulionyooka, uzi huo hupita karibu na katikati ya goti. Kwa mguu wenye matege hupita ndani zaidi, na uzito wa mwili hufuata njia hiyohiyo. Kila hatua unayopiga, upande wa ndani wa goti ndio unaobeba karibu mzigo wote, na upande wa nje unapumzika. Ni kama mlango ulioning'inia: bawaba moja hulika upesi wakati nyingine bado ni nzima. Fundi mwenye akili haweki mafuta tu kwenye bawaba. Anaunyoosha mlango.

Kwa nini miguu ya kwetu hupinda

Mama huyu ametaja jambo ambalo sitaki tulipite, yaani watoto wengi wenye matege na meno ya kahawia. Katika maeneo mengi kuzunguka Mlima Meru na Kilimanjaro, na kwingineko katika Bonde la Ufa, maji ya visima na chemchemi yana madini ya floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Palipo na floraidi nyingi, kwanza meno ya watoto hubadilika rangi, na ikizidi, mifupa inayokua hupinda. Magadi tunayotia kwenye maharage na makande ili yaive upesi nayo huweza kuwa na floraidi nyingi.

Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwa kuchemka, floraidi iliyobaki huwa kali zaidi. Kinachosaidia ni maji ya mvua, au maji yaliyopita kwenye chujio maalumu, kama lile la mkaa wa mifupa ya ng'ombe ambalo wataalamu wa kituo cha Ngurdoto, mkoani Arusha, wamelifanyia kazi miaka mingi. Ikiwa una mtoto mdogo na unaishi sehemu hizo, mpikie na umnyweshe maji ya namna hiyo, na magadi yaache.

Matege pia huletwa na ukosefu wa vitamini D au wa madini ya chokaa kwa mtoto, na maradhi ya mfupa unapokua. Hata mguu uliovunjika ukaunga vibaya huweza kupinda. Mtoto ambaye miguu yake bado imepinda baada ya miaka 2, au inazidi kupinda, au mguu mmoja umepinda zaidi ya mwingine, apelekwe hospitali. Yako matege yanayonyooka yenyewe, na yako yasiyonyooka.

Upasuaji wenyewe

Nikianza na swali la mume wako, ni swali zuri, na jibu lake ni hili. Mfupa ukikatwa vizuri na kushikwa vizuri, huunga. Gegedu likilika, haliungi. Kwa hiyo daktari hukata kile kinachopona ili kukiokoa kile kisichopona. Mguu ukinyooshwa, uzito huhamia upande wa nje wa goti ambao gegedu lake bado ni zima, na upande uliolika hupumzika.

Kwa mguu wenye matege, mara nyingi hukatwa muundi, sehemu ya juu, chini kidogo ya goti. Daktari hupima kwanza kwenye picha ya eksirei inayoonyesha mguu mzima kutoka nyonga hadi kifundo, mama akiwa amesimama. Kisha siku ya upasuaji hukata mfupa kutoka upande wa ndani kuelekea nje, asiumalize wote, bali aache kipande kidogo kiwe kama bawaba. Hapo huufungua pole pole kwa milimita chache mpaka mguu unyooke kwa kiasi alichopima, na kuushika kwa bamba la chuma na skrubu. Njia nyingine ni kutoa kabari ndogo ya mfupa upande wa nje na kuufunga. Wenye magoti yanayogongana wao goti hulika upande wa nje, na mara nyingi hukatwa fupa la paja juu ya goti. Mgonjwa huchomwa ganzi ya mgongoni au hupewa dawa ya usingizi, hasikii kisu.

Huu si ubunifu wa jana. Daktari Jackson wa Uingereza alieleza upasuaji huu kwa ajili ya goti lililochakaa mwaka 1958, na Daktari Mark Coventry wa Mayo Clinic kule Marekani alitoa taarifa yake mwaka 1965. Magoti bandia ya namna ya leo yalipoenea tangu miaka ya 1970, upasuaji huu ulisahaulika kidogo, lakini haukuachwa, kwa sababu wako watu ambao goti bandia haliwafai bado.

Unamfaa nani?

Haumfai kila mwenye goti linalouma. Kwa kawaida madaktari humtafuta mtu mwenye mambo haya: umri chini ya miaka 60 hivi, na bado anafanya kazi za nguvu, goti limelika upande mmoja tu, na upande mwingine ni mzima, mguu wenyewe umepinda, goti bado linakunjika na kunyooka vya kutosha, na mwili si mnene kupita kiasi. Anayevuta sigara huambiwa aache, kwa maana tumbaku huchelewesha mfupa kuunga. Hata ugoro, akina mama, ni tumbaku.

Utaona kwamba mwandishi wa barua yetu, kwa maelezo yake, anakaribia sana kuwa mtu huyo.

Pengine utauliza, kwa nini asiwekewe goti bandia moja kwa moja? Goti bandia ni msaada mkubwa. Hesabu zilizokusanywa katika nchi mbalimbali na kuchapishwa mwaka 2019 zinaonyesha kwamba takriban magoti bandia 8 kati ya 10 hudumu miaka 25. Lakini wengi wa waliohesabiwa walikuwa wazee wasiolima. Mtu akiwekewa akiwa na miaka 47, na akarudi kwenye jembe na gunia la mahindi kichwani, huenda likachakaa naye bado yu hai na nguvu zake, na kulibadilisha mara ya pili ni kazi ngumu na ya gharama kuliko ya kwanza. Goti lake mwenyewe, likisaidiwa, linavumilia shamba vizuri zaidi.

Mambo ambayo upasuaji huu hauwezi

Ni lazima niseme pia upande wa pili. Upasuaji huu hauotishi gegedu jipya. Unapunguza maumivu na kuvuta muda. Katika taarifa nyingi za madaktari, kati ya wagonjwa 7 na 9 katika kila 10 huwa hawajahitaji goti bandia baada ya miaka 10. Wengine huenda zaidi, na wengine hurudi mapema. Atakayehitaji goti bandia baadaye bado anaweza kuwekewa.

Kuna hatari pia: kidonda kuingia vijidudu, damu kuganda katika mishipa ya mguu, mshipa wa fahamu kuumia, mfupa kuchelewa kuunga, au mguu kunyooshwa pungufu au kupita kiasi. Wengi hawapatwi na haya, lakini ni haki yako kuyajua kabla ya kutia sahihi. Na juu ya kupiga magoti: wengine huweza tena, wengine chuma huwasumbua wakigusa sakafu mpaka kitolewe, mara nyingi baada ya mwaka mmoja au zaidi.

Na kabla ya kisu kuna kazi ya nyumbani ambayo haina gharama. Kila kilo moja unayopunguza mwilini hupunguza takriban kilo 4 za mzigo kwenye goti kwa kila hatua. Kaa kwenye kiti, nyoosha goti, lishike limenyooka ukihesabu mpaka 10, kisha lishushe. Rudia mara 10, asubuhi na jioni, ili misuli ya paja ipate nguvu. Mkongojo ushikwe mkono wa upande mzima, si upande unaouma. Dawa za maumivu zisimezwe kila siku bila daktari kujua, maana nyingi huumiza tumbo na figo. Wengi hupata nafuu kwa hayo. Asiyepata, kama mama yetu, ndipo huzungumziwa upasuaji.

Dada yangu alivyochelewa

Naomba niwaambie jambo la kwetu. Dada yangu mkubwa aliambiwa maneno hayohayo akiwa na miaka 50. Akaogopa, nasi ndugu tukaogopa pamoja naye. Mimi mwenyewe, ninayeandika ukurasa huu, nilimwambia asiwe na haraka. Kwa miaka 9 alipaka dawa za kuchua, akachomwa sindano za hapa na pale, akafunga goti kwa kitambaa. Aliporudi hospitali daktari alituonyesha picha: sasa goti lilikuwa limelika pande zote mbili. Hapakuwa tena na upande mzima wa kuhamishia uzito. Njia ile ilikuwa imefungwa.

Aliwekewa goti bandia, na leo anatembea, namshukuru Mungu. Lakini ile miaka 9 ya kulala akilia usiku haikumpa kitu. Sisemi hivi ili kumsukuma mtu. Nasema kwa sababu kungoja nako ni uamuzi, na goti haliwezi kukungoja.

Je, ni kukosa imani?

Wenzako wa kikundi cha maombi wanakupenda, usiwakasirikie. Lakini wakumbushe mfalme Hezekia. Aliomba akilia, Mungu akamsikia na kumwongezea miaka 15. Na nabii Isaya yuleyule aliyeleta habari hiyo njema akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Maombi na dawa vilikwenda pamoja. Na Luka, aliyetuandikia Injili, Paulo anamtaja kuwa ni tabibu.

Katika Injili hiyo ya Luka, sura ya 13, yuko mwanamke aliyepinda mgongo miaka 18 asiweze kujiinua. Yesu hakumwambia avumilie kwa kuwa amezoea. Alimwita, akamwekea mikono, akanyooka siku hiyohiyo, ingawa mkuu wa sinagogi alikasirika kwamba siku haikuwa ya kufaa. Mimi nikisoma habari hiyo sioni Bwana anayefurahia mama kupinda.

Na juu ya lile benchi, mama mwenzangu, futa aibu. Mwenye kusikia maombi anajua kwa nini umekaa.

Nani atapika?

Hili ndilo swali linalowazuia wengi zaidi ya hofu ya kisu, nalo lina jibu kama nyumba italipanga mapema. Utakaa hospitali siku chache. Utatembea kwa magongo takriban wiki 6, ukiukanyagia mguu kwa kiasi utakachoambiwa. Mfupa huunga kati ya miezi 3 na 6. Kazi nzito za shamba zisubiri mpaka daktari aone kwenye picha kwamba mfupa umeunga, na nguvu kamili huweza kuchukua hadi mwaka.

Kwa hiyo chagueni wakati mavuno yamekwisha na kilimo hakijaanza. Tengenezeni kiti chenye tundu cha kuweka juu ya shimo la choo, maana kuchuchumaa hutaweza. Hamisheni kitanda kisiwe mahali pa ngazi. Watoto wakubwa, wavulana kwa wasichana, wajifunze kusonga ugali sasa, kabla hujaondoka. Na kikundi cha maombi kilicho na wasiwasi juu ya imani yako kipewe zamu ya maji na kuni. Hiyo nayo ni ibada.

Mume wako mpe ukurasa huu ausome. Kisha mwende pamoja kwa daktari, nawe umwulize wazi: Je, upande wa nje wa goti langu ni mzima kweli? Nimepigwa picha ya mguu mzima nikiwa nimesimama? Umewafanyia wangapi upasuaji huu, na wanaendeleaje? Bima yangu ya afya inalipa nini, na mimi nitalipa nini? Nikikataa sasa, nirudi lini kuangaliwa? Daktari mwema hachukizwi na maswali. Kama bado una shaka, omba barua ya kwenda kuonana na bingwa mwingine wa mifupa. Kwa Tanzania, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, na Hospitali ya KCMC pale Moshi ni mahali pa kuuliza. Kwa Kenya, hospitali za misheni za Kijabe na Kikuyu zina idara za mifupa.

Wapendwa, tumezoea kusema mama ndiye nguzo ya nyumba, kisha tunaiacha nguzo iinamie upande mmoja miaka na miaka kwa kuwa bado imesimama. Mwezi huu, kila mmoja wetu aitazame miguu yake, na ya mama yake, na ya watoto wake. Tumwombee pia mama huyu na mume wake wanapokaa kuamua. Naye tunamwomba atuandikie tena, lolote watakaloamua.

Bwana awabariki na kuwatunza. Tukutane mwezi ujao.